Dada, Nijiunge na Sororiti?

Leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi wenu mtaona ni mambo ya Wamarekani, hayatuhusu. Lakini kama una mdogo wako anayejiandaa kwenda kusoma Marekani, soma mpaka mwisho. Na kama ulisoma shule ya bweni hapa nyumbani, soma pia, maana nitafika mpaka bwenini kwako.

Kila mwaka ikifika Julai, Agosti hivi, mabinti wetu wanapoanza kuhangaikia viza na mabegi, hakosekani mmoja wa kunipigia simu: "Dada, nasikia huko vyuoni kuna sororiti. Nijiunge au nisijiunge?" Wengine wameziona kwenye filamu: jumba kubwa jeupe lenye nguzo mbele, wasichana wamevaa sare wanapiga kelele za furaha. Wengine wameziona TikTok. Wengine walianza kuuliza mwaka 2024, walipomwona Kamala Harris akigombea urais huku akishangiliwa na akina mama waliovaa pinki na kijani. Karibu wote wanataka jibu la neno moja ili waendelee kufunga mabegi yao.

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sharti moja: jiunge pale tu unapoweza kusema "hapana" na bado ukabaki dada yao. Nilisoma huko, nilijiunga, nikarudi nyumbani, na mpaka leo nalipa ada ya uanachama. Kwa hiyo haya nayasema kama mtu wa ndani. Jina la sororiti yangu na la chuo changu nitayaweka pembeni, kwa sababu kuna mambo nitakayoyasema hapa ambayo hayapendezi.

Kwanza tuelewane maneno. Wamarekani wanaposema "maisha ya Kigiriki" hawaongelei nchi ya Ugiriki. Mwaka 1776, katika chuo cha William and Mary kule Virginia, vijana wa kiume walianzisha chama cha siri wakakiita Phi Beta Kappa, herufi tatu za Kigiriki zilizotokana na kauli mbiu yao. Wengine wakaiga, herufi zikawa desturi. Vyama vya wanaume vikaitwa fratenati, yaani vya kaka. Wanawake walipoanza kuruhusiwa vyuoni walikuta milango ya vyama hivyo imefungwa, wakaanzisha vya kwao. Neno sororiti lenyewe, kutoka neno la Kilatini la dada, lilianza kutumiwa na Gamma Phi Beta mwaka 1882. Kwa hiyo tafsiri yake ya moja kwa moja ni udada. Kila sororiti ina makao makuu, matawi vyuoni, rangi zake, nyimbo zake, ada zake na siri zake.

Sasa mgeni akifika huko asichokijua ni kwamba hizi sororiti ziko katika dunia mbili tofauti, na mtu anayekushauri "jiunge, ni raha sana" huenda anaongelea dunia ambayo wewe hutaingia.

Dunia ya kwanza ni ile ya kwenye filamu. Ni muungano wa sororiti 26 ulioanzishwa mwaka 1902, ambazo kihistoria ni za wasichana wa Kizungu. Huku kuna wiki ya mchujo. Wasichana mamia kwa mamia wanapita nyumba moja baada ya nyingine, wanaongea na wenyeji dakika chache, wanatabasamu mpaka mashavu yanauma, halafu usiku wenyeji wanakaa kuwajadili na kuwakata. Siku ya mwisho majina ya waliobaki yanalinganishwa na kompyuta, na asubuhi unapewa bahasha yenye mwaliko, au hupewi. Mwaka 2021 wasichana wa Chuo Kikuu cha Alabama walianza kujirekodi wakieleza wamevaa nini kwa mchujo wa siku hiyo, dunia nzima ikakaa kutazama kama tamthilia. Mimi nilipozitazama video zile nilijiuliza kitu kimoja: hizo nguo, viatu, na ada za maelfu ya dola kwa mwaka, nani analipa?

Kuna jambo jingine kuhusu dunia hiyo ambalo halionekani kwenye video. Sororiti za muungano huo haziruhusu pombe ndani ya nyumba zao. Linasikika kama jambo jema, sivyo? Lakini fratenati nyingi za wanaume zimekuwa hazina sheria kama hiyo. Matokeo yake sherehe zinafanyika kwa wanaume. Mwanaume ndiye mwenye mlango, ndiye mwenye kinywaji, ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje, na msichana wa miaka 18 anakuwa mgeni kwenye nyumba asiyojua hata vyumba vyake viko wapi. Wanafunzi wenyewe wa huko wamelilalamikia hili kwa miaka mingi. Waliowekewa sheria ya kuwalinda ndio wanaoishia kukaa mahali pasipo na ulinzi!

Halafu kuna suala la rangi. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, liliandika habari ambayo mimi kama mwandishi naionea wivu hadi leo. Lilieleza jinsi msichana mweusi mwenye alama za juu na familia yenye jina alivyokataliwa na sororiti zote za Kizungu za chuo hicho. Ilikuwa imepita miaka 50 kamili tangu gavana George Wallace asimame mlangoni pa chuo hicho hicho, Juni 1963, kuwazuia wanafunzi weusi wasiingie. Waandishi wale wawili walipataje habari? Wasichana wa ndani ndio waliosema. Walieleza kwamba wao walimtaka, lakini waliohitimu zamani, wenye pesa na sauti, ndio waliozuia. Mmoja wao alikubali jina lake liandikwe. Chuo kikalazimika kufungua upya usajili, na baadhi ya wasichana weusi wakapata mialiko mwezi huo huo.

Huyo dada aliyekubali kutajwa namfikiria sana. Kwa hesabu za kawaida alikuwa amewasaliti wenzake, alitoa siri ya nyumba. Kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyekuwa dada pekee mle ndani siku hiyo, maana alimtetea dada ambaye hata hajaingia. Hapo ndipo sharti langu la "hapana" lilipoanza kuota mizizi.

Tuje kwenye dunia ya pili, ambayo ndiyo wengi wetu weusi tutaingia. Marekani kuna vyama tisa vya kihistoria vya watu weusi, na vinne kati yake ni sororiti: Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908, Delta Sigma Theta ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920, zote tatu zilizozaliwa Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, pamoja na Sigma Gamma Rho iliyoanzishwa na walimu saba mjini Indianapolis mwaka 1922. Huku usitafute wiki ya mchujo wala jumba lenye nguzo. Huku unatakiwa uwe mnyenyekevu. Huvai rangi zao kabla hujaingia. Hutangazi kwamba unawataka. Unajulikana kwa alama zako darasani na kwa kazi zako za kujitolea, unatafuta watu wa kukuandikia barua, unasubiri. Mgeni kutoka Dar au Nairobi ambaye hajui sheria hizi zisizoandikwa anaweza kujiharibia kwa swali moja tu la wazi kwenye foleni ya chakula. Jambo jingine linalowashangaza wengi: uanachama huku ni wa maisha. Unaweza kujiunga hata baada ya kuhitimu, ukiwa na kazi na watoto, na matawi ya wahitimu ndiyo yenye nguvu kuliko ya wanafunzi.

Na kazi zao? Hapa nitasifia bila aibu. Delta ilikuwa na umri usiofika miezi miwili pale wasichana wake waliposhiriki maandamano ya kudai kura ya wanawake mjini Washington, tarehe 3 Machi 1913. Siku hiyo hiyo waandaaji walitaka wanawake weusi wajitenge na Wazungu, na Ida B. Wells, mwandishi wa habari mwenzetu, akakataa, akaenda kuandamana katikati ya wenzake wa Illinois. Kuanzia 1935 hadi 1942 Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari na wauguzi Mississippi kila kiangazi kutibu wakulima weusi maskini. Wenye mashamba walipowazuia wafanyakazi wao kwenda kliniki, akina dada wale waliigeuza gari kuwa kliniki, wakaifuata miba huko huko ilikochoma. Zeta ilifungua tawi Monrovia, Liberia, mwaka 1948. Delta ilichangia kwa miaka wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, hapa jirani Thika. Mwaka 2023 Alpha Kappa Alpha ikapata kibali cha serikali cha kufungua chama chake cha akiba na mikopo. SACCOS kabisa jamani, kama za kwetu!

Mnakumbuka Julai 2024? Kamala Harris, ambaye alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mwaka 1986, alihutubia mkutano wa sororiti yake Dallas, ule wa Zeta Indianapolis na ule wa Sigma Gamma Rho Houston, vyote ndani ya mwezi mmoja. Alishindwa uchaguzi, hilo tunalijua. Lakini watangazaji wa televisheni walikuwa wakishangaa jeshi hili la akina mama limetoka wapi. Halikutoka popote. Lilikuwepo zaidi ya miaka mia moja, likichanga, likizika, likisomesha.

Kwetu tunalielewa hilo bila kufundishwa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja mitaani. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kimojawapo. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, sare, michango, na wanawake waliozoea kuitikia wakiitwa. Vilikuwa vya kucheza na kuzikana, na siku siasa ilipohitaji watu, watu walikuwepo tayari. Pwani nzima, kutoka Lamu na Mombasa hadi huku kwetu, akina bibi zetu wa lelemama walikuwa na vyama vyenye vyeo, rangi na mashindano makali kweli kweli. Ukimtoa bibi wa lelemama ukamweka katikati ya mkutano wa sororiti Atlanta, atauliza tu ngoma inaanza saa ngapi.

Kwa hiyo wanaosema sororiti ni upuuzi wa watoto wa matajiri siwaungi mkono. Kiangazi cha 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walianzisha kampeni ya kutaka vyama hivi vifutwe kabisa, mamia wakajitoa, na vyuo vingine vikafuata. Hoja zao kuhusu ubaguzi na unyanyasaji katika ile dunia ya kwanza nakubaliana nazo karibu zote. Lakini mwanafunzi mweusi kwenye chuo cha Wazungu watupu, na hasa mwanafunzi mgeni asiye na shangazi wala mjomba bara zima, akinyang'anywa sororiti yake anabaki na nini? Mwenye nyumba kubwa anaweza kuvunja chumba kimoja na asisikie baridi.

Haya, sasa tuje kwenye giza.

Vyama vya watu weusi zamani vilikuwa na kipindi kirefu cha kuwapitisha wageni. Mliingia kwa kundi linaloitwa laini, mkitembea mmoja nyuma ya mwingine, mmevaa sawa, mmenyoa au mmesuka sawa, mnakariri historia, mnatumwa usiku na mchana. Katika hayo yalikuwamo mapigo, njaa na kunyimwa usingizi. Mwaka 1989 mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, Atlanta, alifariki akiwa katika harakati za kujiunga na fratenati. Mwaka uliofuata, 1990, viongozi wa vyama vyote vikubwa vya watu weusi walikutana wakafuta kipindi hicho. Kwenye karatasi, mateso yaliisha mwaka huo.

Kwenye karatasi. Nawaambia niliyoyaona. Mchakato wangu rasmi ulikuwa mfupi na wa heshima: fomu, barua za watu wanaonifahamu, usaili, ada, mafunzo ya historia. Tulikuwa wasichana saba. Wiki ya pili tukapokea ujumbe: njooni kwenye nyumba fulani nje ya chuo, saa nane usiku, simu mziache, msimwambie mtu. Waliotuita walikuwa wasichana wa tawi letu wenyewe, waliotutangulia mwaka mmoja au miwili. Mimi sikwenda. Msinione shujaa. Nilikuwa na viza ya mwanafunzi, na mtu mwenye viza anajifunza haraka kuogopa sehemu anazoambiwa asimwambie mtu. Msichana mmoja wa Ohio naye hakwenda. Watano walikwenda, usiku ule na nyingine nyingi. Kusimama mpaka alfajiri, kukariri huku wakizabwa makofi, kutolala kabla ya mtihani. Mmoja wao alianguka darasani, akamwambia profesa kwamba hakunywa chai.

Tuliapishwa wote saba siku moja, kwa maneno yale yale. Lakini kwa mwaka mzima mimi na yule wa Ohio tuliitwa "karatasi". Ndilo jina wanalopewa walioingia kwa fomu bila kupigwa: dada wa karatasi. Tukiingia mahali mazungumzo yanakatika. Picha zinapigwa hatujaitwa. Hakuna aliyetutukana, na hakuna kitu ambacho ungeweza kukipeleka kwa mlezi wa wanafunzi ukasema angalia, hiki hapa. Mtu hajui uzito wa kutengwa mpaka atengwe ugenini, ambako akitoka pale hana kwingine pa kwenda.

Utetezi wao naujua kwa moyo, nimeusikia mara mia: "Tukiteseka pamoja tunaungana. Asiyepitia hawezi kuithamini." Ni hoja inayovutia na ina chembe ya ukweli, watu waliopita shida pamoja hukumbukana. Lakini niambieni, wale wasichana tisa walioanzisha Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, nani aliwasimamisha mpaka alfajiri? Hapakuwa na wakubwa wa kuwapiga, maana wao ndio walikuwa wa kwanza! Wakaunda kitu ambacho kimedumu zaidi ya karne. Shida wanazozisimulia mabibi waanzilishi walizikuta nje: ubaguzi, umaskini, wanaume waliodhani mwanamke mweusi hafai kusoma. Kuteswa na dunia mkiwa pamoja kunawaunganisha. Kumtesa mwenzako ili afanane na wewe kunakupa mtu anayekuogopa, na wengi wa watu hao wanachongoja ni zamu yao tu.

Tena angalieni Delta imezaliwaje. Wasichana 22 walikuwa wanachama wa Alpha Kappa Alpha, wakataka mabadiliko. Walitaka chama chenye mwelekeo mpana zaidi wa kijamii. Wakaambiwa haiwezekani. Wakasema "hapana", wakatoka, wakaanzisha chao Januari 1913. Leo vyama vyote viwili vina wanachama mamia ya maelfu na wanashirikiana kwenye mambo mengi. Kwa hiyo hata historia yao wenyewe, ile wanayotukaririsha, imejaa wanawake waliokataa jambo. Tunakaririshwa majina yao halafu tunaadhibiwa tukifanya kama wao. Inaingia akilini kweli?

Niliwaahidi nitafika bwenini, nimefika. Tusicheke ya Wamarekani kana kwamba ya kwetu hatuyajui. Wangapi wenu mlikuwa njuka? Form One umefika na tranka lako jipya, usiku unaamshwa na Form Three kumfulia, kumchotea maji, kumwimbia, kujibu maswali ya kijinga huku bweni zima linacheka. Ukilalamika unaambiwa hata sisi tulipitia. Mwaka wa tatu umefika, wewe ndiye unayemwamsha njuka mwingine. Ndugu zetu wa Kenya wanamwita mono, lakini ndoo ya maji ni ile ile.

Na chuo kikuu je? Mwaka 1990, ule ule ambao Wamarekani weusi walifuta mateso kwa maandishi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpoteza msichana wa mwaka wa kwanza aliyejiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Silaha waliyomtishia nayo ilikuwa Mzee Punch, yale maandishi ya ukutani yasiyo na mwenyewe yaliyowachafua wanafunzi, hasa wasichana waliokataa wanaume. Aliyepigwa "punch" hakutakiwa kuongelewa naye. Ukionekana naye, unafuata wewe. TAMWA walilipigia kelele jambo lile, na tunawashukuru. Lakini tazameni utaratibu wenyewe: siri, giza, wakubwa wasio na majina, na kutengwa kwa anayesema hapana. Ni ule ule wa saa nane usiku na simu mziache. Hatukuuagiza Marekani. Unaota popote penye chama kisichovumilia kukataliwa.

Sasa mtaniuliza, mbona bado nalipa ada? Miaka miwili baada ya kuapishwa baba yangu alifariki hapa Dar. Nilikuwa na dola arobaini benki. Yule wa Ohio ndiye aliyezunguka kwa maprofesa kuniombea ruhusa. Wawili kati ya wale watano walikusanya nguo zangu na kunifungia begi. Mama mmoja wa tawi la wahitimu, mtu wa umri wa bibi yangu, aliniendesha saa mbili hadi uwanja wa ndege, na tiketi ilikuwa imeshalipwa kwa mchango. Mmoja wa wale waliotuita usiku alichanga pia, sitamnyima haki yake. Yule mama hakuwahi kuniuliza kama niliitikia ule wito au sikuitikia. Njiani aliniuliza tu baba alikuwa mtu wa namna gani, na tukaongea habari za baba mpaka tukafika. Udada niliuona kwenye gari lile. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walishamaliza.

Basi, mdogo wangu unayefunga mabegi, haya ndiyo ya kuangalia.

Moja, pesa. Viza ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Kabla hujapendezwa na rangi zao, uliza ada ya kuingia, ya kila mwaka, na ya mambo "madogo madogo" kama fulana, safari na michango. Piga hesabu kwa saa zako za kazi, usipige kwa mshahara wa mama. Sororiti haina haraka. Unaweza kusubiri ukahitimu, ukajiunga na tawi la wahitimu ukiwa na kipato chako.

Mbili, rekodi. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya kuwatesa wageni. Ingia kwenye tovuti ya chuo chako utafute. Tawi ambalo halimo kwenye orodha linaweza kuwa salama au linaweza kuwa na siri nzuri, kwa hiyo usiishie hapo. Tafuta msichana aliyewahi kuanza mchakato akauacha, umwulize kama bado wanamsalimia. Jibu lake lina thamani kuliko vipeperushi vyote.

Tatu, kazi. Waulize mwaka jana walifanya nini nje ya geti la chuo. Wakikutajia sherehe tatu na shindano la kucheza, umeshajua. Wakikutajia shule wanayofundisha jioni, wazee wanaowatembelea, watu waliowaandikisha kupiga kura, kaa chini uwasikilize.

Nne, na hili ndilo kubwa, kataa jambo moja dogo mapema. Lolote. Mwaliko wa usiku una mtihani asubuhi, kinywaji hutaki, kazi hukupangiwa wewe. Kataa kwa adabu, kama ulivyolelewa. Halafu angalia nyuso zao kesho yake. Wakikuchukulia kama jana, umepata dada. Wakianza kukunyamazia, geuza njia mapema, hata kama ulishazipenda rangi zao, hata kama ulishawaambia wa nyumbani. Chuo ni kikubwa, na kuna umoja wa wanafunzi wa Kiafrika, kuna kanisa, kuna msikiti, kuna yule mama wa Kitanzania anayepika pilau kila Jumapili ambaye bado hujamfahamu. Hutakufa na upweke.

Na wewe uliyebaki nyumbani, uliye kiongozi wa bweni, wa hosteli, wa kikoba, wa kamati ya harusi hata: lini mara ya mwisho mwenzenu alisema hapana, na mlimfanya nini?

Nawasilisha.